Mahali pa Wembe

"Sasa, Rwamba, nikupasue wapi?"

Daktari Gachoki aliniuliza hivyo akiwa na kalamu ya wino wa buluu mkononi, kwa sauti ya kawaida tu, vile mimi huuliza wateja wangu kama mfuko ukae kushoto au kulia. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda cha chuma, kifua wazi, katika hospitali ya misheni nje ya mji wa Meru. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa nane, mwaka wa 1996, na baridi ya Agosti ya huko sihitaji kuwaeleza. Meno yaligongana, lakini sidanganyi mtu, haikuwa baridi.

Wacha niseme ukweli mapema, maana hadithi za kuzungukazunguka hunipandisha hasira. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na titi moja. La kulia lilikuwa zuri, hata nikijisifu si dhambi. La kushoto halikumea. Palikuwa bapa, na chuchu ndogo imekaa hapo kama kifungo kilichoshonewa nguo isiyo yake. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa na kibanda karibu na uwanja wa Kinoru, vyerehani viwili, nikishona yunifomu na magauni ya kwaya, na hakuna mwanamke Meru nzima aliyejua kujaza pamba kwenye sidiria kama mimi. Nilipima vifua vya wanawake kutwa, na jioni nikarudi nyumbani kukivua changu na kukiweka kwenye kiti.

Mwenda ndiye aliyenifikisha kwenye kile kitanda, ingawa mwenyewe hakujua. Alikuwa mwalimu huko Kiirua, mrefu, mpole, mtu wa kucheka polepole. Wazee wake walikuwa wamekwisha kwenda kwetu Embu, wakala, wakanywa, wakaelewana, na harusi ilikuwa Desemba. Kunishika mkono alikuwa amenishika. Kuniona hakuwa ameniona. Tulikuwa watu wa kanisa, na mimi nililishukuru kanisa kwa sababu zangu. Kila nikifikiria ile siku nitakapovua nguo mbele yake, nilimwona akinyamaza. Niliwaona shangazi zake wakiulizana, "Kwani huyu ameumbwaje?" Kufa nilikuwa naogopa, sana, lakini hicho nilikiogopa zaidi.

Sista Veronicah, nesi wa wodi ya wanawake, alikuwa mteja wangu. Siku moja nikimpima, pamba ilinichomoka shingoni mwa gauni mbele ya macho yake. Hakucheka. Aliirudisha ndani kwa kidole, akaniambia kuna madaktari huja kutoka Nairobi wiki moja kila mwaka, hushona watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka na watu walioungua, na kwamba mmoja wao anajua kutengeneza kifua. Husukuma kifuko cha maji ya chumvi chini ya nyama, kikakaa hapo. Nilimwambia aache upuzi. Baada ya wiki mbili nilikuwa kwenye foleni.

Sasa nimeulizwa nipasuliwe wapi. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, na nilidhani madaktari huwa wanajua wenyewe.

"Mlango wa kuingiza kifuko uko mahali patatu," Daktari akasema, akichora hewani bila kunigusa. "Hapa chini, kwa mkunjo. Hapo naona kila kitu ninachofanya, lakini kovu litabaki, na mtu aliye karibu nawe ataliona. Pili ni hapa ukingoni mwa huu weusi wa chuchu. Wako ni mdogo sana, kifuko hakiwezi kupita, kwa hivyo hapo tusahau. Tatu ni kwapani."

"Kwapani," nikasema.

"Ngoja nimalize. Kwapani kovu linajificha, ni kweli. Lakini kutoka kwapani mpaka hapa ni mbali, na hapa sina vifaa vya kuonea ndani. Nitakuwa napapasa. Mshipa ukikatika huko sitauona haraka, na damu ya kundi lako tuliyo nayo ni chupa mbili tu."

"Watu hufa?"

"Mara chache."

Mara chache! Mtu anakaa Nairobi, anakula vizuri, anakwambia mara chache. Mimi na bahati yangu tunajuana. Mimi nikienda sokoni na watu mia, yai bovu ni langu.

"Kwapani," nikasema tena.

Akanitazama. "Ni nani huyo asiyetakiwa kuona?"

Niligeuza uso dirishani.

"Sawa. Siku yako ni Alhamisi, na Ijumaa sisi tunarudi Nairobi. Fikiri. Utaniambia Alhamisi asubuhi, na mahali utakaposema ndipo nitakapopita." Kisha akainama, akasogeza taa. "Na hili kovu?"

"Kovu gani?"

Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kando ya chuchu, pale weusi unapoishia, palikuwa na kamstari kadogo, urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa nakajua tangu utoto. Nilidhani nimezaliwa nako.

"Ulipasuliwa jipu ukiwa mtoto?"

"Hapana, Daktari. Mimi nilimtoroka kidudu."

Akakunja uso, ikabidi nimweleze. Wasichana wa kwetu, kifua kikichelewa, walikuwa wanakwenda mtoni. Juu ya maji yaliyotulia kuna vidudu vyeusi vinavyozungukazunguka bila kuchoka. Unamkamata mmoja, unamweka kwenye chuchu, anakuuma, panavimba, na titi linaanza kumea. Anakuuma kulia, kisha kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokwenda mto Kapingazi na rafiki yangu Beth. Beth aliumwa kote kuwili bila hata kusema woi. Mimi nilipoumwa kulia tu nilipiga kelele, nikakimbia kifua wazi mpaka kwenye shamba la kahawa, na Beth akicheka nyuma yangu. Sikurudi. Mwaka uliofuata la kulia likaanza kumea. La kushoto nikalingoja, nikalingoja. Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko. Kwangu kilikuja kicheko na hasara yake.

Miaka kumi na saba nilijua hivyo: nilikosa titi kwa uoga wangu mwenyewe.

Daktari Gachoki hakucheka. "Kidudu hana uwezo huo, Rwamba," akasema taratibu. "Wala uoga." Akaandika kitu kwenye karatasi yangu. "Mtu wako wa nyumbani akija, nina jambo la kumwuliza."

Huyo mtu wa nyumbani alikuwa vita vingine. Sista Veronicah alikataa kunilaza bila mtu wa damu kuwa karibu. "Ukipewa nusukaputi halafu usiamke, maiti nimpe nani?" akaniuliza, hivyo hivyo, na mdomo wake usio na kizuizi. Mwenda nilikuwa nimemdanganya kwamba nakwenda Embu kumwona mama. Basi nikapiga simu kwenye duka la Njue kule kwetu Embu, Njue akapeleka ujumbe, na Jumanne mchana mama yangu Susan akafika wodini na kikapu cha ndizi, kitambaa kichwani, akinitafuta kitanda kwa kitanda.

Mama alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia akigombana hata na kuku. Nilipomwambia nimekuja kutengenezwa upande wa kushoto, alikaa chini polepole akashika ukingo wa kitanda.

"Wanakata?" akauliza.

"Watakata, mama. Wataweka kitu cha kujaza. Nimechagua kwapani, ili Mwenda asione."

Daktari alipopita kutazama wagonjwa, alimsalimu mama kwa heshima kisha akamwuliza, "Mama, huyu akiwa mchanga aliwahi kuwa na jipu hapa kifuani?"

"Hapana," mama akasema.

Alisema haraka mno. Mikono yake ilikuwa inamenya ndizi, na ile ndizi ikakatika ikaanguka sakafuni, naye akabaki ameshika ganda. Niliona. Nikajiambia ni woga wa hospitali, maana hata mimi nilikuwa na woga wa kunitosha, sikuwa na nafasi ya wa mtu mwingine.

Jumatano asubuhi walimpeleka thieta, chumba cha upasuaji, mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye shingo yake iliungua ikashikana na kifua. Alikwenda akitabasamu. Baada ya saa moja nilisikia viatu vikikimbia koridoni, nikamwona Sista Veronicah akipita na chupa ya damu ameikumbatia. Yule mwanamke alirudishwa saa saba mchana, hai, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikamvuta Sista upindo wa yunifomu, ambayo niliishona mwenyewe.

"Ile damu ilikuwa kundi langu?"

Sista alitaka kunidanganya, nikaona, kisha akashindwa. "Imebaki chupa moja," akasema. "Rwamba, mwambie Daktari apite chini. Kwapani ni kujitafutia kifo."

"Mwenda ataona."

"Na akiona? Mficha uchi hazai, wewe."

"Nenda zako na methali zako!" nikamwambia, na wodi nzima ikageuka. Nilijiona nimelala mezani na damu inajaa ndani ya kifua changu, mahali ambapo daktari anapapasa tu, haoni. Na hata hivyo, nawaambia ukweli, nilipofumba macho nilimwona Mwenda akinyamaza, na nikasema moyoni, afadhali damu.

Mama alikuwa ameyasikia yote. Alichukua shuka zangu akaniambia, "Njoo unisaidie kuanika."

Nyuma ya wodi kulikuwa na kamba za nguo na jua dogo la alasiri. Mama alianika shuka ya kwanza, akaanika ya pili, tukawa katikati yazo, hakuna anayetuona. Sisi tukiwa wawili huongea Kiembu, na mambo aliyosema yalikuwa mazito kwa Kiembu kuliko nitakavyoyasema hapa.

"Usikatwe kwapani," akasema.

"Mama, usianze na wewe."

"Si kidudu, Rwamba."

"Nini si kidudu?"

"Haikuwa kidudu. Ilikuwa mimi."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kibanio cha nguo, anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga.

"Ulikuwa na wiki tatu," akasema. "Vititi vyako vilivimba vyote viwili, vikawa na kamaziwa kidogo. Watoto wachanga huwa hivyo, lakini mimi nilijua nini? Cucu yako, mama wa baba yako, akasema lazima vikamuliwe, la sivyo utakua na maziwa machungu na watoto wako watayakataa. Tukakukamua kila asubuhi na mafuta. Ulilia. La kulia likanywea. La kushoto likawa jekundu, likawa na moto, ukaacha kunyonya."

"Si mngenipeleka hospitali?"

"Baba yako alikuwa kibarua kwa shamba la kahawa kule Ruiru, na alikuwa anakuja Jumamosi. Unajua kabla yako kulikuwa na mwingine, alikufa. Baba yako alikuwa ameniapia: huyu wa pili akidhurika mikononi mwako, urudi kwenu. Nikikulaza hospitali angejua. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Akameza mate. "Nikachukua wembe, nikauchoma kwa moto. Nikatafuta mahali pa kukata. Nilitafuta sana, Rwamba. Nikachagua pale weusi unapoishia, ili kovu likikauka baba yako asilione. Na kweli hakuliona mpaka akafa."

Upepo uliinua shuka, nikamwona Daktari mbali akivuka uwanja na kikombe cha chai. Ikashuka tena.

"Ulitoka usaha mwingi," mama akasema. "Na ndani yake kukatoka kitu kidogo, kigumu, cheupe, kama haragwe. Nilidhani ndio ugonjwa wenyewe. Nilifurahi! Nikakitupa kwenye migomba. Ulipofika miaka kumi na nne, siku moja unaoga, nikakutazama, ndipo nikajua nilitupa nini: mbegu ya titi lako."

"Na mimi nikakwambia ni kidudu."

"Ukaniambia ni kidudu. Ukalia mapajani mwangu ukisema ni uoga wako." Macho yake hayakuniepuka. "Nikasema asante Mungu kwa hicho kidudu."

Hasira zangu mimi huja mbio na kuondoka mbio, watu wa Kinoru watawaambia. Zile hazikuwa za namna hiyo. Zilikuja polepole, zikajaa. Miaka kumi na saba nimejiita mwoga! Nimeshindwa kuogelea, nimeshindwa kuoga na wenzangu bwenini, nimekataa wanaume wawili wazuri kabla ya Mwenda, nikijiambia, ulikimbia, kula ulichopanda. Na yeye alikuwa hapo, akinipikia, akinisuka nywele, anajua. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia. Nilimwambia heri ningekufa na yule wa kwanza. Mama aliyapokea yote amesimama, na kibanio mkononi.

Nilipoishiwa na pumzi, alisema jambo moja tu. "Mimi nilichagua mahali pa kuficha. Nilikuwa naogopa mwanamume. Sikuangalia mahali pazuri kwako." Akakichomeka kibanio kwenye kamba. "Nichukie, ni haki yako. Lakini wewe usichague hivyo."

Nilirudi wodini peke yangu nikalala nikiwa nimegeukia ukuta.

Alhamisi asubuhi walinivalisha gauni la kijani lililofungwa nyuma, limeshonwa vibaya, mikono miwili hailingani. Nilikuwa sijala tangu jana. Sista Veronicah alinisukuma kwa kitanda cha magurudumu, na mlangoni mwa thieta Daktari Gachoki alikuwa akingoja na kalamu yake. Mama alikuwa amesimama kando, amejikunyata ndani ya leso. Fomu ya kukubali ilikuwa na mahali pa shahidi wa familia kutia sahihi, naye alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Haya, Rwamba. Ni kwapani bado?"

Nilifungua mdomo. Niwaambie nini? Hofu haikuwa imekwisha. Watu wakisimulia hufanya kama mtu akishajua ukweli hofu huondoka. Uongo! Mwenda bado alikuwa kichwani mwangu, ananyamaza vilevile. Zamani ningeweza kukimbia mpaka kwenye kahawa. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama ile kalamu, si mimi, uso umemsawijika kwa woga, na nikamwona vile alivyokuwa, msichana wa miaka kumi na tisa na wembe, anatafuta mahali pa kukata ambapo bwana hataona.

"Chini," nikasema. "Kwa mkunjo. Pale unapoona unachofanya."

"Kovu litaonekana."

"Daktari, nimesema chini! Chora kabla sijabadilisha."

Akachora. Wino ulikuwa baridi. Mama akatia sahihi yake kubwa aliyofundishwa kwenye kisomo cha gumbaru, akaichafua karatasi kwa jasho. Ndani ya thieta waliniambia nihesabu, na nakumbuka nilifika nne.

Niliamka nikitapika. Kifua kilikuwa kizito, kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia. Daktari alikuja Ijumaa asubuhi, tayari amevaa koti la safari. "Mshipa mmoja ulinitemea damu," akasema, vile mtu husema mvua ilinyesha kidogo. "Niliuona, nikaufunga." Ile chupa moja ilibaki kwenye friji. Sikumwuliza ingekuwaje kama angepita kwapani, na hadi leo sitaki kujua.

Mama alinilisha uji kwa kijiko siku tatu. Hatukuongea mambo ya kamba za nguo. Sikumsamehe. Nilikunywa uji.

Mwenda nilimwambia mwezi wa kumi, kibandani kwangu, mlango umefungwa nusu. Nilimwambia yote mbio mbio, kidudu, wembe, kifuko cha maji, kovu liko wapi, nikimtazama viatu. Alinyamaza. Kile kimya nilichokiogopa kilikuja kweli, na kilikuwa kirefu, nikahesabu mishono ya kola ya yunifomu iliyokuwa mbele yangu. Kisha akauliza, "Bado panauma?" Nikasema kidogo, hasa nikiinua mkono. Akachukua pasi ya makaa iliyokuwa mkononi mwangu akaniwekea chini. Desemba tukaoana.

Mtoto wetu alizaliwa Machi 1998, msichana, na kama ilivyo desturi tukamwita jina la mama wa Mwenda, Kathambi. Alinyonya kulia tu. La kushoto lilikuwa na umbo lake zuri la kwenye gauni, lakini tone halikutoka, Daktari alikuwa ameniambia mapema. Mama alikuja kutoka Embu kunitunza. Akiwa Kiirua kwa wakwe zangu alikuwa na adabu mara mbili ya kawaida, akikaa pembeni, akiongea akiulizwa.

Wiki ya tatu, mchana, mama mkwe wangu alikuja na shangazi wawili wa Mwenda kumwona mtoto. Walimvua nguo ili wamkande mafuta, wakimsifu mapaja. Nami nikaona. Vititi vyake viwili vilikuwa vimevimba, na kwenye kimoja kulikuwa na tone jeupe.

"Aa, haya ni ya kukamua," mama mkwe akasema kwa furaha, akachovya vidole kwenye mafuta. "Yakiachwa huharibika. Leteni hapa."

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu, nilitaka, mimi mwenye mdomo unaojulikana mpaka sokoni, lakini sikuthubutu. Alikuwa mama wa mume wangu, mwenye jina la mtoto, katika nyumba ya mwanawe, na vidole vilikuwa vimeshafika.

"Toa mkono!"

Sikuitambua hiyo sauti. Kikombe kilianguka. Mama yangu alikuwa amesimama, yule mama wa pembeni, na alikuwa amemshika mama mkwe wangu kifundo cha mkono.

"Susan!" mama mkwe akasema. "Unanipigia kelele mimi?"

"Usimguse mwana. Yataisha yenyewe." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini mkono hakuuachia. "Mimi nilimkamua wangu. Pakaoza. Nikampasua kwa wembe, peke yangu, nikamficha baba yake. Nililiua titi la huyu binti yangu kwa mikono yangu hii, na sikumwambia mtu."

Shangazi mkubwa akanigeukia, akanipima kutoka kichwani hadi magotini, akaona gauni langu lilivyojaa pande zote mbili. "Huyu?" akasema. "Kwani huyu ana kasoro gani?"

Wote watatu wakanitazama. Ndio hao hao niliowaota miaka hiyo yote, na ndilo swali lenyewe. Nilisikia baridi ikinipanda mgongoni, ile ya kitanda cha chuma. Mama mkwe bado alikuwa na mafuta vidoleni, na uso wake ulikuwa haujaamini. Mtoto alikuwa wazi mapajani mwake.

Mama alinitazama, kisha akatazama chini.

Vifungo vya gauni nilivishona mwenyewe, navijua hata gizani. Nikavifungua. Nikaitoa sidiria. Nikalishika la kushoto nikalibana mbele yao, kwa nguvu, mpaka wakaona hakuna kinachotoka.

"Kovu la daktari ni hili hapa chini," nikasema. "Na la wembe ni hili dogo. Sogeeni karibu mtazame vizuri, halafu mnipe mtoto wangu."